Futi 10 kwa 20: Gereji ya Marehemu Baba Ilivyokuwa Nyumba Yangu

Gereji ya marehemu baba ilikuwa imefungwa miaka 14 nilipoomba ufunguo wake. Mama aliutafuta siku mbili, akaupata ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na vifungo vya mashati ya baba, na hata hivyo haukufaa kitu. Kufuli lilikuwa limeliwa na chumvi mpaka likawa donge moja la kutu. Kaka alilikata kwa msumeno. Tulipousukuma ule mlango wa bati, vumbi likatupanda usoni, na nyuma ya vumbi ikaja harufu ya oili. Miaka yote hiyo, na oili ya Peugeot 504 ya baba bado ilikuwa inanukia sakafuni kana kwamba gari limetoka asubuhi ile.

Nyumba yetu iko Tudor, kisiwani Mombasa, upande wa nyumba za zamani zenye miembe na nyua pana, ambako ukishuka kidogo unaiona hori, ule mkono wa bahari, na mikoko yake. Baba aliijenga gereji pembeni mwa nyumba kubwa miaka ya 1980, kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa, ukuta wa inchi 9, upana futi 10 na urefu futi 20. Alipofariki, gari liliuzwa, na gereji ikawa pahala pa kuwekea kila kitu ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitupa: magurudumu, madumu, kitanda cha kamba kilichokatika, cherehani ya mama, magunia matatu ya simiti yaliyogeuka mawe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kisiwani. Nilikuwa nimepanga Kisauni, na kila asubuhi foleni ya daraja la Nyali ilikuwa ikila saa yangu nzima kabla sijaona ubao. Nyumba kubwa anaishi mama, kaka, mkewe na watoto wanne. Ningebanana nao kama ningeomba, na wasingenikataa. Lakini nina miaka 41, nimezoea kufunga mlango wangu mwenyewe usiku. Mama alilijua hilo bila kuambiwa. Siku moja akiniandalia chai alisema, "Mwanangu, wataka kurudi, rudi. Chumba sina. Nina gereji."

Kabla ya nyundo ya kwanza tulikaa wiki kadhaa na karatasi. Kiwanja kilikuwa bado kwa jina la baba, na nawasihi walio katika hali kama yangu wasiiruke hatua hii kwa kusema "sisi ni ndugu". Baba aliacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Kwa mirathi ya Kiislamu mama ana thumni yake, yaani sehemu moja katika nane. Inayobaki hugawanywa mafungu manne, mawili ya kaka, moja langu, moja la dadangu. Kwa hesabu hiyo haki yangu ni sehemu 7 katika 32 za kila kitu, gereji ikiwemo. Maana yake kila jiwe la gereji lile lilikuwa pia la wengine. Nikitia laki kadhaa kwenye jengo lisilo langu peke yangu, kisha watoto wa kaka wakue, nani atakumbuka tulichokubaliana juu ya chai? Tukaafikiana kwamba gereji na ukanda wa ua ulio mbele yake uhesabiwe ndani ya fungu langu. Dadangu aliyeolewa Lamu alileta ridhaa yake, tukaenda mahakama ya kadhi, ikaandikwa. Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi. Mama alilia pale pale, nami sikumuuliza kwa nini.

Kibali nacho kilihitajika, maana kugeuza gereji kuwa makazi ni kubadilisha matumizi ya jengo, na sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inataka idhini ya kaunti. Mchoraji alichora, tukapeleka, tukangoja, tukapata.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Nilikuwa na picha nyingi kwenye simu. Gereji za Uingereza, gereji za Marekani, zimegeuzwa vijumba vya kupendeza: ukuta mzima wa kioo pale palipokuwa mlango wa gari, sufi nene ndani ya kuta, sakafu inayotiwa joto. Nilimwonyesha fundi. Akaziangalia moja moja kwa utulivu, akanirudishia simu, akauliza, "Mwalimu, upepo waingilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Alinipindulia ndoo, akaniketisha katikati ya gereji, saa nane mchana, mlango umefungwa. Dakika 10. Nilipotoka kanzu ilikuwa imenigandama mgongoni na kichwa kinagonga. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba zile nyumba za kwenye picha zinapigana na baridi. Zinaziba kila ufa ili joto lisitoroke. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na shida yetu ni kinyume: joto limeshaingia, litatokea wapi? Ule ukuta wa kioo ungekaa upande wa magharibi, ukilitazama jua la alasiri ana kwa ana. Ningekuwa nimejijengea tanuri kwa pesa zangu.

Tulikuwa na bahati moja kubwa ambayo baba hakuikusudia. Gereji imelala mashariki hadi magharibi, kwa hiyo kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Kwetu jua hupita karibu na utosi, huchoma zaidi kuta za mashariki na magharibi, na hizo kwangu ndizo fupi. Na pepo zetu mbili, kaskazi inayovuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba mpaka Machi, na kusi inayovuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba, zote zinazikuta kuta ndefu. Tatizo ni kwamba kuta hizo hazikuwa na tundu hata moja. Gari halihitaji hewa.

Kabla ya kukata dirisha, fundi alichimba kishimo kwenye pembe ya nje ili auone msingi. Nilidhani anapoteza wakati. Msingi ulikuwa mfupi kuliko alivyotaka, wa kubeba ukuta mmoja na paa jepesi. "Ghorofa uisahau," akasema, na nikaisahau siku hiyo hiyo, ingawa kaka alikuwa ameshaanza kuitaja. Kisha akapanga madirisha: mawili kusini, mawili kaskazini, yakitazamana, ili upepo uvuke futi 10 tu na kutoka. Hakukubali kukata karibu na pembe. Aliacha futi 3 za ukuta mzima kila upande, na juu ya kila dirisha akamimina lenta ya zege yenye vyuma, ikilala vizuri kwenye ukuta huku na huku. Pale palipokuwa mlango wa gari tulijenga ukuta, na sehemu yake ya juu tukaweka bloki za matundu. Bloki kama hizo tukazipitisha chini ya paa kuta zote ndefu, kwa kuwa joto hupanda na lisipopata njia hukaa kichwani mwako usiku kucha. Madirisha ni ya mbao zilizolala mshazari, zinazopitisha hewa na kuzuia jua, na ndani yake nyavu za mbu. Kioo nimeweka kipande kimoja tu, upande wa kaskazini, ambako nyumba kubwa yanitilia kivuli.

Upande wa kusini upo mwarobaini aliopanda mama mwaka niliozaliwa. Fundi mmoja msaidizi alipendekeza tuukate kwa sababu majani yataziba mfereji wa paa. Mti haukukatwa. Nafagia majani kila Jumamosi, na kivuli kile hakuna feni inayoweza kunipa.

Paa ndilo lililonitia hofu. Mabati ya gereji yalikuwa yale ya kijivu, mazito, ya mawimbi makubwa, ambayo nyumba nyingi za rika lake mjini zinayo bado. Ni asbesto. Likiwa zima limetulia si tatizo kubwa. Likivunjwa, likikatwa au likitobolewa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, na nyuzi hizo zikiingia mapafuni hazitoki. Maradhi yake, saratani ikiwemo, huja baada ya miaka mingi mtu ameshasahau. Vijana wawili waliniambia wataling'oa kwa nyundo siku moja, kwa bei ya chini kabisa. Watoto wa kaka wanacheza ua ule ule. Kanuni za taka zinaliweka asbesto katika taka za hatari, na NEMA, mamlaka ya mazingira, hutoa leseni kwa wanaoruhusiwa kulibeba. Tukawaita wenye leseni. Walikuja na barakoa na mavazi ya kutupa, wakalilowesha maji, wakafungua skrubu moja moja bila kuvunja, wakayafunga mabati kwa nailoni nzito na kuondoka nayo. Ilinigharimu zaidi ya nilivyopanga, nikaahirisha friji na kabati. Kama ningelazimika kuchagua tena ningefanya vivyo hivyo bila kufikiri mara mbili.

Paa jipya ni la mabati meupe yaliyopakwa, kwa skrubu zisizoshika kutu, maana hapa karibu na hori bati la kawaida halina maisha. Kenchi mpya tuliziinua kwa kozi mbili za mawe, sababu sakafu nayo ingepanda. Chini ya mabati ipo dari ya mbao nyepesi, na kati ya dari na bati tuliacha nafasi ambayo upepo huipitia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Siku ya kwanza baada ya dari kufungwa niliweka kiganja juu yake saa nane mchana. Ilikuwa vuguvugu tu.

Kuhusu sakafu niseme hivi: sakafu ya gereji haikujengwa kwa ajili ya miguu ya mtu. Ya kwetu ilikuwa sawa na ardhi ya nje, imeinamia mlangoni ili maji ya kuoshea gari yatoke, na chini yake hakukuwa na kitu cha kuzuia unyevu. Pale gari lilipokuwa likilala zege lilikuwa limekunywa oili, na juu ya oili simiti haishiki wala vigae havikai. Tulijaribu kusugua kwa sabuni na maji moto, hapana. Kipande chote kikang'olewa kwa sururu. Tukashindilia kifusi, tukanyunyiza dawa ya mchwa, tukatandika nailoni nyeusi nzito ikapanda ukutani kidogo pande zote, kisha zege jipya mpaka tukafika inchi 6 juu ya ua. Mvua za mwaka zilipokuja, mwezi wa Mei ambao ndio wa mvua kubwa kwetu, ua uligeuka dimbwi na maji yakasimama nje ya kizingiti. Hayakuingia.

Nikiwa na sakafu, paa na madirisha, bado sikujua nitaishije ndani ya ukanda mwembamba kama ule. Kila samani niliyoiwaza ilikuwa inaniziba njia. Hapo alikuja mama, akasimama mlangoni, akaangalia mwanzo hadi mwisho, akasema, "Si msana wa mamangu huu?"

Bibi mzaa mama alikuwa na nyumba Mji wa Kale. Niliilala utotoni. Vyumba vyake, ndiyo hiyo misana, vilikuwa virefu na vyembamba, na sababu yake haikuwa urembo: dari za nyumba zile zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya kiasi cha mita 2.5 au 3. Kwa hiyo chumba kilirefuka pale kiliposhindwa kupanuka, na watu wakajifunza kuishi kwa urefu. Kwanza baraza au daka nje, la mgeni asiyehitaji kuingia. Kisha ukumbi. Kisha ndani, pa kulala. Mwisho kabisa choo. Kila hatua unayopiga unaingia mahali pa siri zaidi, na hakuna mlango unaohitajika ili mgeni ajue mwisho wake. Gereji ya baba ilikuwa na upana ule ule wa mita 3. Nilikuwa nimeuona kuwa kasoro kwa miezi mitatu.

Tukapanga hivyo. Nje, upande wa magharibi, baraza la simiti lenye kipaa kirefu kinachoukinga ukuta na jua la jioni. Ukiingia, futi 8 za kukaa na kupika, jiko likiwa upande wa kaskazini. Halafu ukuta unaonifika begani, na nyuma yake futi 7 za kitanda. Ukuta ule haugusi dari, hivyo upepo hauzuiliki. Upande wake wa kitandani fundi alinijengea vidaka sita, vishubaka vya ndani ya ukuta, safu mbili, kama vile vya bibi, na ndani yake vipo vitabu, taa, manukato na sahani mbili za bibi zenye maua ya buluu ambazo mama alinipa bila maneno. Kabati sikununua tena. Mwisho, futi 5 za mashariki, ni bafu na stoo ndogo.

Mama alisimamia jambo moja mwenyewe. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo kibla chetu, upande tunaoelekea tukiswali na ambako choo hakielekezwi, ni kaskazini karibu kamili. Fundi wa bomba alikuwa ameshachora choo kikitazama kaskazini kwa kuwa bomba lingekuwa fupi. Mama aliuangalia mchoro, akamwambia fundi taratibu, "Baba, kigeuze." Kikageuzwa kikatazama magharibi. Na mahali pangu pa kuswalia pako mbele ya dirisha la kaskazini, ambako alfajiri za Januari kaskazi yanipuliza usoni.

Bomba la maji machafu ni la inchi 4, na linashuka inchi 1 kila inchi 40 hadi kwenye karo la nyumba kubwa. Mteremko huo tuliupata kwa sababu sakafu ilikuwa imeinuliwa. Ingebaki chini, ningekuwa na choo kinachoziba kila mwezi. Maji safi Mombasa yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na visima vya Tiwi, na hayaji kila siku. Nina tangi la lita 1,000 kwa maji ya mfereji. Uani tuna kisima cha maji ya chumvi, na hayo yanaingia chooni tu kwa bomba lake la peke yake, kwa mifereji ya plastiki, maana ya chuma huliwa mara moja. Mtungi wa gesi uko nje, ndani ya kizimba chenye matundu chini, sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hukaa sakafuni. Stima ilikuwa kazi ya siku mbili.

Kisima kile ndicho kilichonipa somo chungu kuliko yote, na kosa ni langu.

Ilikuwa Februari, wiki tatu kabla ya Ramadhani. Nilitaka kufunga mwezi nikiwa kwangu. Plasta ya ndani ilikuwa haijapigwa, na wiki ile mfereji ulikauka kabisa. Fundi mkuu alikuwa amekwenda msibani kwao. Msaidizi wake akaniuliza kama wangoje maji au wanunue ya mkokoteni. Nilihesabu mitungi, nikahesabu pesa zilizobaki, nikasema, "Chukueni ya kisima." Nilijua ni maji ya chumvi. Nilidhani chumvi inadhuru vyuma tu, na lenta zenye vyuma zilikuwa zimeshamiminwa kwa maji safi. Plasta ya simiti ikapigwa kuta zote, laini, nzuri, ikapakwa rangi nyeupe. Nilihamia siku nne kabla ya mwezi kuandama. Sijawahi kufuturu kwa furaha kama mwaka ule, mimi na mama kwenye baraza, kaimati na uji wa mtama.

Aprili, pepo zikiwa zinabadilika na hewa nzito, niliona ukungu mweupe nyuma ya kitanda. Nikaufuta. Kesho yake ukarudi. Mei kuta zilikuwa zinatoa majimaji hata siku ambazo mvua haikunyesha, rangi ikawa inavimba kama malengelenge na kudondoka kwenye shuka. Nilidhani paa linavuja. Tulitafuta uvujaji wiki nzima. Fundi mkuu alipokuja aligusa ukuta kwa kidole, akakionja, akaniangalia. Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza, alikaa kwenye baraza kimya kwa muda mrefu, na ukimya ule uliniuma zaidi.

Kumbe chumvi iliyo ndani ya plasta huvuta unyevu wa hewa yenyewe, na Mombasa hewa haina uhaba wa unyevu. Na plasta ngumu ya simiti juu ya jiwe la matumbawe, ambalo lina vinyweleo tele, huufungia unyevu ndani, kisha rangi ya plastiki huufungia zaidi. Ukitafuta pa kutokea, unatoka na ngozi ya ukuta.

Ikabidi plasta yote ibanduliwe kwa patasi. Nilirudi kulala nyumba kubwa, juu ya godoro chumbani mwa mama. Fundi mkuu alisema wazi kwamba kazi iliyobaki si yake, akaniletea mzee mmoja wa Mji wa Kale, mwashi aliyekarabati nyumba za mawe maisha yake yote. Mzee yule aliziacha kuta zipumue mpaka mwezi wa Agosti, kuta tupu, zikipigwa na kusi, na kila wiki tulizipiga brashi kavu na kuizoa ile chumvi iliyotokeza. "Usiikoshe kwa maji, mwanangu," alinionya. "Utairudisha ndani."

Halafu akapiga chokaa. Kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa mto uliooshwa, kamwe si mchanga wa pwani, na maji ya mfereji niliyoyasubiri safari hii kwa siku tatu. Chokaa haina haraka. Haikauki kama simiti. Inaivuta hewa na kuwa jiwe polepole, kwa hiyo aliinyunyizia maji asubuhi na jioni na kutundika magunia mabichi madirishani ili upepo usiikaushe kwa ghafla. Akapaka tabaka nyembamba, moja juu ya moja, na mwisho maji ya chokaa mara tano badala ya rangi. Alikuwa akifanya kazi akizungumza na ukuta zaidi ya mimi. Siku moja nilimuuliza kama kweli chokaa itadumu. Akanielekeza kwa mwiko upande wa mjini, zilipo kuta za Fort Jesus, zilizoanzwa mwaka 1593 kwa matumbawe na chokaa, zinazopigwa na bahari ile ile. Akarudi kwenye kazi yake.

Kubandua na kupiga upya kulinigharimu shilingi 86,000. Kwa jumla nyumba ilinifika 730,000, mkopo wa sacco na akiba yangu ya miaka sita, na asbesto, paa na hiyo plasta ya mara ya pili ndivyo vilivyokula sehemu kubwa. Mitungi ya maji ya mkokoteni niliyoona ghali Februari ile isingefika hata 4,000.

Nimeishi humu sasa mwaka na nusu. Feni naiwasha usiku wa Machi tu, pepo zinapokufa. Kuta ni kavu, isipokuwa kipande kimoja cha kiasi cha kiganja kwenye pembe ya mashariki, karibu na bafu, ambacho bado kinatoa unga mweupe kidogo kidogo. Mzee amekuja kukitazama mara mbili. Amesema tukiache mpaka kaskazi itulie, kisha atakikwangua mwenyewe. Mfuko wa chokaa ninao tayari, umefungwa kwa nailoni, chini ya kitanda.